Vidoa Mia vya Asta

Mors, 7 Februari 1995

Kwa Taasisi ya Utafiti wa Utumbo, Kopenhagen

Napenda kuitangazia Taasisi, kwa uzito wote ambao jambo hili linastahili, kwamba mkebe namba 41 umefika nyumbani kwetu jana saa nne asubuhi. Umefika salama, umefungwa vizuri, una karatasi ya maelekezo yenye aya kumi na mbili, na hauna kijiko.

Nimeutikisa. Nimeukagua mara mbili. Mke wangu ameukagua mara ya tatu, kwa sababu haamini ukaguzi wangu wa vitu vya nyumbani. Aya ya tano inasema, "Tumia kijiko kilichomo." Hakimo.

Naandika mimi, Viggo Brask, ingawa mshiriki wenu ni mke wangu Asta. Mlitaka mtu mmoja kwa kila nyumba, aliyepita miaka sitini, ambaye hajameza antibiotiki mwaka mzima, na ikiwezekana awe ndiye anayepika. Mimi nilijitolea kwanza, nikakataliwa kwa barua ya heshima, kwa kuwa upishi wangu unaishia kwenye kahawa. Asta akasema, "Usinune, Viggo. Mimi nitatoa choo, wewe utatoa maoni." Ndivyo tulivyogawana.

Mjue pia kwamba mnaandikiana na mtu wa fani. Kwa miaka thelathini na tisa nilikuwa mpima maziwa wa chama cha wafugaji hapa kisiwani. Nilikwenda zizi hadi zizi na sanduku la vichupa, nikapima mafuta kwenye maziwa ya kila ng'ombe na kuyaandika mbele ya namba yake. Shule yangu ilikuwa fupi, lakini maziwa niliyasoma. Najua sampuli ni nini. Najua pia kwamba sampuli iliyochotwa kwa kifaa kisicho chake si sampuli, ni umbea.

Tumetumia kijiti kipya cha aiskrimu, kikachemshwa dakika kumi. Asta anaomba kijiko kwa mwezi ujao, maana vijiti vikiisha itabidi tule aiskrimu mwezi Machi, na hapo lawama za mafua yangu zitakuwa juu ya Taasisi.

Wenu,
Viggo Brask
kwa niaba ya Asta Brask, namba 41


Kopenhagen, 20 Februari 1995

Mpendwa Bibi Brask, na Bwana Brask mtoa maoni,

Kijiko nimekiweka mwenyewe safari hii, na kingine cha akiba. Mimi ndiye fundi wa maabara ninayeifungua mikebe yenu, kwa hiyo aibu ni yangu.

Kwa kuwa nyumba yenu ina mtu wa fani, huenda mngependa kujua sampuli inakwenda wapi. Naipaka kwenye sahani ya kioo yenye jeli. Kesho yake bakteria wa utumbo wameota vidoa vyekundu, na kila kidoa ni ukoo mzima uliotokana na bakteria mmoja. Nachagua sahani yenye vidoa mia. Kisha nachukua kirungu cha mbao kilichovikwa mahameli safi, nakigandamiza juu ya vidoa kama karani anayepiga muhuri, halafu nagonga muhuri huohuo kwenye sahani nyingine ambayo jeli yake ina dawa. Watakaoota juu ya dawa ndio sugu. Ukituvua makoti meupe, kazi yetu yote ni hiyo: walikuwepo mia, wamebaki wangapi.

Kwako, Bibi Brask, wamebaki sita. Ni idadi ya kawaida, usiwe na wasiwasi.

Shida yetu kubwa kwa sasa ni mahameli. Ofisi ya manunuzi imetuletea ya nailoni, na ikichemshwa nyuzi zake zinalala kama majani yaliyokanyagwa. Nusu ya mihuri yangu inatoka na mabaka. Nasema hivi ili mjue kwamba hata hapa kuna vitu visivyokuwemo.

Wako,
Merete Krag


Mors, 10 Aprili 1995

Bibi Krag,

Kuna habari mbili.

Ya kwanza ni mbaya kwa kitabu chenu. Mwezi uliopita Asta alipata maambukizi ya kibofu, na daktari akampa antibiotiki, vidonge thelathini, vitatu kwa siku, siku kumi. Alianza tarehe 20. Anauliza kama sasa anafukuzwa, maana amekwisha kuzoea kuwa namba.

Nilimhoji kwa ajili yenu.

"Vidonge vimekwisha?"

"Vimekwisha."

"Siku zote kumi?"

"Viggo, mimi si ng'ombe wa mtu. Nikisema vimekwisha, vimekwisha. Tena vilinuka kama mkojo wa paka."

Nimeandika: vimekwisha, siku kumi.

Habari ya pili iko kwenye kifurushi. Niliposoma ile barua yako kuhusu nailoni, Asta alinyanyuka, akaenda kabatini, akarudi na gauni lake la mahameli. Ni pamba tupu, rangi ya zambarau. Alilishona mwaka 1974 tulipotimiza miaka ishirini na tano ya ndoa. Nikamwambia, "Asta, gauni hilo tulicheza nalo." Akasema, "Ulicheza wewe, juu ya vidole vyangu. Tangu hapo limening'inia tu. Sasa na liende likafanye kazi." Akaketi mezani akalikata vipande vya mraba kwa mkasi wake wa ushonaji wenye meno. Nimepima vipande vitatu. Vyote viko sawa kwa milimita. Miaka arobaini na sita naishi na huyu mtu, sikujua ana jicho hilo.

Viggo Brask


Kopenhagen, 12 Julai 1995

Mpendwa Bibi Brask,

Sikufukuzi. Umekuwa mtu muhimu kuliko washiriki wetu wote sitini.

Ona mwenyewe. Kabla ya vidonge walikuwa sugu sita katika mia. Aprili, mara tu baada ya dawa, walikuwa themanini na wanane. Dawa iliwaua wanyonge, sugu wakarithi nyumba. Mei sabini na wanne, Juni sitini na sita, mwezi huu hamsini na wanane. Tunachotaka kujua ni itachukua muda gani hadi sugu waishiwe nguvu na wale wa kawaida warudi kwao. Wengine waliougua katika kundi letu walisahau mikebe au walituma wakikumbuka. Wewe peke yako unatuma kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, bila kukosa. Daktari mkuu wetu ameuchora mstari wako ukutani.

Gauni lako linatoa muhuri safi kabisa. Linapauka kidogo kila nikilichemsha, lakini nyuzi zinasimama. Ningependa siku moja nikuone ulivyolivaa, kama kuna picha.

Wako,
Merete Krag


Mors, 6 Septemba 1995

Ebba shemeji yangu,

Uliniambia kaburini nikuandikie nikipata nafasi. Nafasi ninayo. Nyumba nzima ni nafasi.

Umeuliza ilikuwaje, maana siku ile mbele za watu sikuweza kusema. Ilikuwa tarehe 19 asubuhi. Maji ya viazi yalikuwa yanachemka jikoni, Asta akatoka kwenda kung'oa viazi. Nilimwona dirishani akiinama. Nikasoma gazeti ukurasa mmoja na nusu. Nilipotazama tena alikuwa bado ameinama, lakini vibaya. Daktari anasema moyo, tena upesi. Nimeuliza upesi ni dakika ngapi. 

Sasa nina jambo la kukiri, na nakukiria wewe kwa kuwa mchungaji angenielewa, nami sitaki kueleweka.

Tangu mazishi barua zenye jina lake zinakuja kila siku. Benki, bima, maktaba, chama cha bustani. Zote zinakuja kumfuta. Zinasema "marehemu", zinataka sahihi yangu, na jina linaondoka. Juzi Jumatatu ukaja mkebe wa Kopenhagen. Bibi Asta Brask, kwa mashine ya chapa, na kijiko ndani. Ebba, huo haukuja kumfuta. Ulikuja kumjulia hali.

Nikauweka mezani. Nikanywa kahawa. Kisha nikauchukua, nikaenda chooni, nikafanya kwa niaba yake.

Unajua kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Nilikuwa nikiingia zizini watu wananyamaza. Na sasa nimechakachua sampuli, nimeandika namba 41 kwa mkono wangu, nimeipeleka posta kwa baiskeli. Njiani nilijisikia vizuri, mara ya kwanza tangu siku ile. Hilo ndilo linalonitisha.

Shemeji yako,
Viggo


Aalborg, 11 Septemba 1995

Viggo,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Umetuma nini, wapi, kwa jina la nani?

Dada yangu alikuwa haaniki soksi yenye tundu upande wa barabarani. Na wewe unamsambazia Kopenhagen mavi yako kwa jina lake. Angecheka mpaka ashike meza. Halafu angekuchapa na kitambaa cha vyombo.

Mwambie huyo binti wa maabara, na umwambie upesi. Na uje huku ule. Najua unakula samaki wa kopo umesimama kwenye sinki. Usikatae, Asta aliniambia ndivyo ulivyokuwa unakula kila akija kwangu.

Ebba


Kopenhagen, 9 Novemba 1995

Mpendwa Bibi Brask,

Siku hizi Bwana Brask haandiki tena maoni, nami nimeyakosa. Natumaini hamjambo.

Mstari wako unashuka vizuri kuliko tulivyotarajia. Agosti hamsini na wawili, Septemba thelathini na mmoja, Oktoba ishirini na wanne, na sasa kumi na saba. Daktari mkuu anataka kuuonyesha kwenye mkutano wa wanasayansi huko Uppsala, Uswidi, mwezi wa tano.

Lakini kuna kitu kimoja hakinipi raha, na nimeona nikuulize wewe kabla ya kumwambia yeye. Mbali na kuhesabu, huwa natazama bakteria wenyewe ni wa koo zipi, kwa alama zao, kama mtu anavyotazama alama za vidole. Ukoo wako sugu ni uleule tangu Aprili, sina shaka nao. Ila wale wengine, wasio sugu, waliokuwa kwako tangu Februari, wote wametoweka kati ya Agosti na Septemba. Mahali pao wamekaa wageni. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo wapangaji wote wamebadilika kwa mwezi mmoja, amebaki mmoja tu wa zamani.

Je, ulisafiri? Ulibadilisha chakula? Uliugua?

Wako,
Merete Krag


Mors, 15 Novemba 1995

Bibi Krag,

Nilikuwa nimekwisha kuandika kwamba Asta siku hizi anakula kabichi nyingi. Ilikuwa barua nzuri, yenye mambo madogomadogo ya kuaminika. Nimeichoma.

Asta alifariki tarehe 19 Agosti. Sampuli ya Agosti ni yake. Ya Septemba, ya Oktoba na ya Novemba ni zangu.

Sitajitetea, ila nitakusimulia habari ya Kresten Toft. Kresten alikuwa na ng'ombe aitwaye Dagmar, namba 12, mafuta asilimia nne nukta nane, hapakuwa na wa kumfikia kisiwani. Majira ya baridi ya mwaka 1958 kichupa namba 12 kikaanza kushuka. Nne nukta moja. Nne kamili. Nikaenda bila taarifa. Kibanda namba 12 kilikuwa kimefagiliwa, nyasi mpya zimetandikwa, maji safi kwenye ndoo, na ng'ombe hayumo. Alikuwa amekufa tangu Novemba. Kresten alikuwa akijaza kichupa chake kwa maziwa ya jirani yake wa kibanda cha kumi na tatu.

Nikafuta mwaka mzima. Sikufuta Dagmar peke yake, nilifuta zizi lote, ndivyo sheria ilivyosema. Kresten alisimama pale na kofia mkononi, akasema, "Viggo, nilitaka tu aendelee kuwamo kitabuni." Nikadhani ananidanganya. Nikadhani anatafuta cheti cha maonyesho. Hata nilisimulia mezani jioni kama kichekesho, na Asta hakucheka, akasema, "Maskini huyo mtu." Nikamwambia hajui wafugaji.

Kwa hiyo futa, Bibi Krag. Kuanzia Septemba futa vyote, na umwambie daktari wako asiende Uppsala na choo changu.

Nina swali moja tu, na ukinicheka sitasikia. Umesema amebaki mpangaji mmoja wa zamani. Ukoo ule sugu, wale kumi na saba, ulikuwa wa Asta tangu Aprili. Sasa uko ndani yangu. Je, ni wenyewe kweli, au wanafanana tu?

Viggo Brask


Kopenhagen, 24 Novemba 1995

Mpendwa Bwana Brask,

Pole sana. Nimekaa na barua yako siku nne. Nilimwandikia "hamjambo" mtu aliyelala kaburini miezi mitatu, na nitaendelea kuisikia aibu hiyo ingawa najua haikuwa kosa langu.

Miezi mitatu nimeifuta. Kuanzia Februari hadi Agosti mstari unabaki, na ni wake halali.

Swali lako silicheki. Ndiyo, kwa kila alama tunayoweza kuisoma, ni wenyewe. Uliwapata kutoka kwake: mikono, bomba la jikoni, taulo, mkate aliokukatia. Watu waliokaa pamoja miaka mingi huambukizana hivyo. Baada ya zile dawa kwake waliongezeka sana, na baadhi wakahamia kwako.

Lakini ni lazima nikuambie na nusu ya pili, kwa kuwa wewe ni mtu wa vipimo. Hawatakaa. Usugu ni mzigo. Pasipo na dawa, wale wa kawaida wanakula haraka na kuzaana haraka, nao sugu wanasukumwa nje kidogokidogo. Ingekuwa habari njema kwa mtu mwingine yeyote.

Ukitaka, endelea kutuma. Haitaingia kwenye utafiti. Nitapima mwenyewe baada ya kazi, kwa mahameli yake.

Merete Krag


Mors, 29 Novemba 1995

Ebba,

Nilimwambia yule binti. Umeshinda, usilisemee tena.

Jana nilitafuta kifungo cha koti. Kwenye kopo la vifungo la Asta, chini kabisa, nimekuta kikaratasi kimekunjwa, na ndani vidonge kumi na nane. Ni vile vya kibofu. Piga hesabu: alimeza siku nne, akaona nafuu, akavificha. "Viggo, mimi si ng'ombe wa mtu." Alinitazama usoni, nami nikaandika siku kumi. Mpima maziwa wa miaka thelathini na tisa, amechakachuliwa mezani pake mwenyewe na mwanamke anayemenya karoti. Nilicheka kwa sauti, peke yangu. Sauti ilinishtua.

Sasa sikiliza. Wale bakteria wake walionibakia wanapungua, binti amesema watakwisha. Wanapungua kwa sababu hakuna dawa. Palipo na dawa, wao ndio wanaobaki na wengine wanakufa. Na mimi nina dawa mezani. Nimevipanga mstari mmoja, kumi na nane.

Niambie ni upuuzi. Niambie vizuri, kwa hoja.

Viggo


Aalborg, 2 Desemba 1995

Viggo,

Sina hoja. Vitupe. Dada yangu si bakteria.

Nakuja Jumamosi ijayo na treni ya asubuhi. Tandika kitanda cha wageni, na shuka ziwe zimepigwa pasi, si kukunjwa tu.

Ebba


Kopenhagen, 14 Desemba 1995

Bwana Brask,

Sampuli ya tarehe 4 Desemba: sitini na watatu katika mia.

Nimerudia mara mbili. Walikuwa kumi na saba, na hawapandi hivyo wenyewe. Umemeza nini?

Nakuomba usinijibu kwa kabichi. Nimefanya kazi hii miaka kumi na moja, na nitakuambia kwa nini inafanywa. Hao sugu hawakai kimya. Wanagawiana silaha na bakteria wengine, hata wasio wa ukoo wao. Siku utakapopata homa ya mapafu au jeraha likaoza, daktari atakupa vidonge hivihivi na havitafanya kitu. Nimeona majina ya watu waliokufa hivyo, kwenye fomu, na tarehe. Sitaki kuliona lako.

Na jambo la mwisho, unisamehe. Wewe unaona ni Asta anaongezeka. Mimi ninayemtazama kwenye sahani naona kile alichokwenda kwa daktari ili kimwondokee.

Merete Krag


Mors, 20 Desemba 1995

Bibi Krag,

Muhuri wako ni mkali kuliko vichupa vyangu. Nilimeza tisa, siku tatu. Vilinuka kama mkojo wa paka, alisema kweli.

Vimebaki tisa, vimo kwenye mkebe huu pamoja na kijiko. Ebba, dada yake, ameketi mbele yangu kuhakikisha naufunga. Alikuja kwa siku mbili, sasa ni siku ya kumi na mbili, na amebadilisha mahali pa kila kitu jikoni. Ameniambia, "Ulitaka kumfuga dada yangu tumboni kama minyoo."  Kisha alikwenda kumenya viazi na nikasikia maji ya bomba yakitiririka muda mrefu kuliko viazi vinavyohitaji.

Lakini vidonge hivyo vina maana nyingine, na unajua tayari. Vilikuwa vya Asta. Aliacha siku ya nne. Mimi niliwaandikia siku kumi, na mstari ule wa ukutani umejengwa juu ya siku kumi. Ningeweza kunyamaza. Vidonge vingekwenda kwenye jiko la kuni, na jina lake lingekwenda Uppsala. Nimelifikiria hilo tangu Jumapili, zaidi ya nilivyofikiria vidonge.

Andika siku nne. Nami najua afanyavyo mpimaji baada ya hapo.

Viggo Brask


Kopenhagen, 10 Januari 1996

Mpendwa Bwana Brask,

Namba 41 imeondolewa. Si miezi yako tu, yote, tangu Februari. Utafiti sasa una watu hamsini na tisa. Nilimwomba daktari mkuu amweke angalau kwenye maelezo ya chini, akakataa, na ningekuwa mimi ningekataa pia. Mstari umeshushwa ukutani. Ilibaki misumari miwili ya karatasi, nikaing'oa mimi.

Wewe nitaendelea kukupima. Januari: arobaini na wanne.

Ile picha niliyoomba Julai sijaisahau, kama ipo.

Merete


Mors, 9 Aprili 1996

Bibi Krag,

Ishirini. Wanane. Watatu. Vikaratasi vyako vimefika vyote. Nimevinakili kwenye daftari langu la zamani la maziwa, ambalo lilikuwa na kurasa tupu mwishoni. Juu nimeandika Asta, na sikuandika namba.

Picha hii hapa. Ni ya mwaka 1974, ukumbi wa kijiji. Yeye ndiye anayetazama pembeni. Alikuwa anamwambia mpiga picha kwamba mimi nimesimama juu ya pindo la gauni, na ni kweli, ukiangalia chini utaona kiatu. Kwa hiyo huenda kipande kimojawapo ulicho nacho kina alama yangu.

Ebba amerudi kwao. Nakwenda kwake kila Alhamisi, nakula nimekaa.

Usiache kupima.

Viggo Brask


Kopenhagen, 7 Juni 1996

Mpendwa Bwana Brask,

Sampuli ya Mei ilikuwa na mmoja. Nilikuwa na kipande kimoja cha mahameli kilichobaki kizima, sasa ni cha kijivu kuliko zambarau, na nilikiweka kwa ajili ya mwezi huu.

Nilitengeneza sahani kumi badala ya moja, ili nisiseme kitu nisichokuwa na hakika nacho. Nilizitazama baada ya siku moja, na tena baada ya siku mbili.

Sampuli ya tarehe 3 Juni: vidoa vilivyopimwa, elfu moja. Vilivyoota juu ya dawa, hakuna.

Kwa vipimo vyetu, huna tatizo lolote la kiafya.

Merete Krag